Maziwa yanashuka, gharama inapanda: tafuta tatizo kwenye majani kwanza

Maziwa yakishuka, mkono wa mfugaji hukimbilia gunia. Huongeza kilo moja ya chakula cha dukani, maziwa yanapanda siku tatu nne, kisha yanarudi palepale huku gharama ikibaki juu. Mara nyingi gunia halina kosa. Shida iko kwenye majani: hayatoshi ingawa hori linaonekana limejaa, au yamekomaa mno, au yameozea yalikohifadhiwa. Wakati mwingine yapo na ni mazuri, ila ng'ombe hayamfikii kwa wakati. Hapa tunakwenda dalili kwa dalili, na zile zinazokula pesa nyingi tumezikalia zaidi.

Pima kwanza, ndipo ulaumu

Kipimo cha msingi ni uzito mkavu, yaani kinachobaki maji yote yakitoka kwenye majani. Ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa anahitaji takriban asilimia 3 ya uzito wake kwa siku, ambayo ni kilo 12 za uzito mkavu, ukijumlisha majani na chakula cha nyongeza, yaani kile cha dukani. Akila kilo 3 za chakula cha nyongeza, zilizobaki, kama kilo 9, lazima zitoke kwenye majani.

Majani ya tembo yaliyofikia umri wa kukatwa huwa na karibu asilimia 18 za uzito mkavu. Kilo 9 kavu ni sawa na kilo 50 mbichi. Mvua ikikolea na majani yakawa machanga na yenye maji, asilimia hiyo hushuka hadi 12, na sasa unahitaji kilo 75 kupata chakula kilekile. Mfugaji anayeleta mizigo miwili ileile kila siku amempunguzia ng'ombe thuluthi moja ya majani yake bila kujua, tena katika msimu ambao kila mtu anaamini malisho ni tele.

Kupima ni rahisi. Chukua konzi kumi hivi za majani yaliyokatwakatwa kutoka sehemu mbalimbali za lundo, changanya, pima gramu 200. Tandaza kwenye sinia juani, mahali pasipo upepo wa kuyapeperusha, siku mbili au tatu ukiyageuza, au tumia oveni yenye joto la nyuzi 100 hivi. Pima tena na tena hadi uzito usibadilike. Zikibaki gramu 36, uzito mkavu ni asilimia 18. Juani hubaki unyevu kidogo, kwa hiyo chukulia kuwa jibu lako liko juu ya ukweli kwa kiasi fulani. Mizani ya kuning'iniza hulipa bei yake haraka kuliko karibu kifaa kingine chochote bandani.

Dalili: hori limejaa, ng'ombe anakula, maziwa hayapandi

Sababu ya kawaida kuliko zote ni majani yaliyovunwa yakiwa yamepita wakati. Kadiri shina linavyorefuka ndivyo protini inavyoshuka, nyuzinyuzi zinavyokuwa ngumu, na chakula kinavyokaa tumboni muda mrefu kabla ya kusagika. Tumbo likiwa bado limejaa cha jana, ng'ombe hana pa kuweka cha leo. Anaonekana ameshiba, na kweli ameshiba, ila ameshiba vijiti.

Tazama hesabu yake. Ng'ombe wa kilo 400 hutumia karibu megajuli 48 za nishati kwa siku kwa ajili ya kujikimu tu, na kila lita ya maziwa inadai megajuli 5 hivi. Majani yaliyokatwa mapema yana megajuli 9 katika kila kilo kavu, na atakula kilo 12: jumla 108, toa 48, zinabaki 60, ambazo ni lita 12 ikiwa protini nayo inatosha. Majani yaleyale yakikomaa hubaki na megajuli 7.5, na atakula kilo 10 tu: jumla 75, toa 48, zinabaki 27. Hizo ni lita 5. Lita 7 zimepotea kwa kuchelewa kuvuna. Kuzirudisha kwa gunia kunataka megajuli 35, yaani kilo 3 na nusu za chakula cha nyongeza kila siku kwa kila ng'ombe. Hapo ndipo faida inapovujia.

Namna ya kuhakikisha: kata majani ya tembo mita moja kutoka ardhini, ujaribu kulifinya shina kwa ukucha. Kucha lisipoingia, umechelewa. Angalia pia hori asubuhi. Ng'ombe aliyechambua majani laini na kuacha mashina anakupa majibu ya maabara bure.

Dawa yake ni ratiba. Vuna majani ya tembo yakiwa na urefu wa kama mita moja, kila wiki 6 hadi 8, na ubakize kisiki cha sentimita 10 hivi. Gawa shamba vipande saba sawasawa, kila kimoja kwa wiki moja, ili ukimaliza cha saba cha kwanza kiwe tayari. Mvua zikiwa nyingi na kipande cha nne kimeanza kukomaa wakati bado unakata cha pili, usifuate foleni. Ruka, ukate cha nne na kukisindika sileji, yaani majani yaliyoshindiliwa na kufunikwa yasipate hewa ili yachachuke na kudumu. Wengi hukihurumia na kukiacha "kiongezeke". Kinaongezeka uzito, lakini uzito wa kuni.

Majani yakiwa mazuri kwa umri lakini rangi yake ni kijani hafifu na maziwa bado yamedumaa, shuku protini. Chakula chote kikishuka chini ya asilimia 7 za protini, vijidudu vya tumbo la kwanza, ambavyo ndivyo hasa vinavyosaga majani, hukosa naitrojeni na kuzubaa, na ulaji hushuka. Hapa jibu ni mikunde: desmodiamu, lusina (alfalfa), kaliandra, lukina (leucaena). Lenga robo hadi thuluthi ya uzito mkavu wa majani. Kilo 3 za kaliandra mbichi zinaweza kuchukua nafasi ya kilo moja hivi ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Lukina ina sumu iitwayo mimosini, kwa hiyo isizidi asilimia 30 ya chakula chote.

Dalili: majani hayachipui kama zamani

Kila tani ya majani makavu yenye protini asilimia 10 inaondoka shambani na kilo 16 za naitrojeni, pamoja na potasiamu nyingi. Vitu hivyo hupita kwa ng'ombe na sehemu kubwa hutoka kwenye mavi na mkojo. Samadi ikirundikwa nyuma ya banda na kupigwa jua na mvua, naitrojeni inapaa hewani na potasiamu inachuruzika mtaroni. Rudisha samadi na mkojo kwenye kipande ulichokata, ndani ya siku chache baada ya kuvuna, kwenye mfereji kati ya mistari, kisha ufukie.

Sababu nyingine ni kukata hadi mzizi. Visiki vya sentimita 2 vinakosa akiba ya kuchipulia. Na ukiona mashina ya majani ya tembo yaliyofupika, vijani vidogo vya manjano na machipukizi mengi kama ufagio, huo ni ugonjwa wa kudumaa unaosambazwa na wadudu wadogo warukao wanaofyonza majani. Mbolea haiutibu. Ng'oa shina zima, lichome au ulifukie, na usichukue vipando kwenye shamba lenye ugonjwa huo, hata likiwa la jirani.

Dalili: majani mengi yanabaki horini

Masalio ya asilimia 5 hadi 10 ni kawaida. Yakizidi hapo, angalia ukataji kwanza. Vipande vya sentimita 2 hadi 3 vinatosha. Vikiwa virefu ng'ombe huvuta, hutupa chini na kukanyaga. Halafu angalia majani yaliyokatwakatwa jana jioni: ingiza mkono katikati ya lundo. Kukiwa na joto, yameshaanza kuchacha na ng'ombe atayasusa. Kata ya siku, au yatandaze kivulini yasirundikane.

Maji nayo husahaulika. Ng'ombe anayetoa lita 15 anaweza kunywa lita 80 na zaidi kwa siku, na akikosa maji hupunguza kula hata majani yawe bora namna gani. Ndoo moja asubuhi na moja jioni hazifiki. Pia hori likiwa tupu tangu saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, umemfunga ng'ombe saa kumi. Jaza vizuri jioni.

Dalili: sileji ina joto, inanuka au imeota ukungu

Sileji ndiyo inayobeba faida au hasara ya msimu wa kiangazi, na kila kosa lina harufu yake. Chukua konzi kutoka ndani, si ile ya juu.

Harufu kali yenye uchachu safi, kama ya mtindi au siki nyepesi, rangi ya kijani-njano: imekubali. Karatasi ya kupimia pH, yaani kiwango cha uchachu, ionyeshe chini ya 4.2 kwa mahindi na chini ya 4.5 kwa majani.

Harufu ya uvundo wa siagi iliyooza, inayong'ang'ania mkononi hata ukinawa, na sileji inateleza: ilisindikwa ikiwa mbichi mno, chini ya asilimia 28 hivi za uzito mkavu, au ilichanganyika na udongo. Bakteria wabaya wamekula sukari na protini. Msimu ujao nyausha majani ya tembo nusu siku hadi siku nzima kabla ya kusindika, na ongeza molasi kilo 3 hadi 5 kwa kila kilo 100 za majani, ukiizimua kwa maji machache tu ili inyunyizike. Mahindi yenye punje hayahitaji molasi. Usitembee na viatu vya tope juu ya lundo.

Rangi ya kahawia iliyoiva, harufu ya tumbaku au sukari iliyoungua: iliungua kwa joto kwa sababu hewa ilibaki ndani. Ng'ombe wataipenda, na hapo ndipo wafugaji wanapodanganyika, kwani sehemu kubwa ya protini imeshikamana na nyuzi na itatoka kwenye mavi bila kutumika.

Ukungu mweupe, wa kijani au wa bluu: hewa iliingia, ama kupitia tundu la nailoni, ama ulipofungua. Tupa sehemu hiyo pamoja na sentimita kadhaa kuizunguka, kwa sababu sumu ya kuvu huenea mbali kuliko ukungu unaoonekana. Usimpe ng'ombe aliyekauka maziwa kwa kudhani hana cha kupoteza. Ana mimba. Na sumu aina ya aflatoksini ikiliwa, sehemu yake hutoka kwenye maziwa, wala kuchemsha hakuiondoi.

Kipimo cha mkono wakati wa kusindika: finya konzi ya majani yaliyokatwakatwa kwa nusu dakika kisha fungua kiganja. Maji yakichuruzika, subiri au nyausha. Bonge likibaki limeshikana, bado ni bichi kidogo. Likifunguka taratibu, sindika sasa. Likisambaratika mara moja, umechelewa na kushindilia kutakuwa kazi. Kwa mahindi, vunja muhindi katikati utazame punje: mstari unaotenganisha wanga mgumu na maziwa ukifika nusu hadi thuluthi mbili ya punje kutoka juu, wakati umefika. Kata vipande vya sentimita 1 hadi 2, jaza kwa tabaka za sentimita 15, shindilia kila tabaka hadi ukikanyaga kisigino kisiache shimo, na funika siku hiyohiyo. Acha wiki 3 hadi 4 bila kuchungulia.

Sasa tatizo linalowapata wenye ng'ombe wachache, ambalo ni la upana wa shimo. Sileji ilikuwa nzuri ilipofunguliwa, wiki ya pili inapata joto, ya tatu inaota ukungu. Ng'ombe watatu wakila kilo 20 kila mmoja ni kilo 60 kwa siku. Mita moja ya ujazo iliyoshindiliwa kwa miguu hubeba kilo 500 hivi, kwa hiyo kila siku unatoa mita za ujazo 0.12. Ikiwa uso wa shimo, yaani upande unaochotea sileji, una upana wa mita 2 na kimo cha mita 1.5, uso ni mita 3 za mraba, na unasogea mbele sentimita 4 tu. Hewa hupenya kasi kuliko hapo. Unatakiwa kula uso mzima angalau sentimita 15 kwa siku, na kwenye joto zaidi. Hakuna dawa ya kupulizia itakayoziba kosa hilo. Chimba shimo jembamba na refu, au bora zaidi, tumia mifuko ya nailoni ya kilo 50 hadi 60 ili kila siku ufungue mmoja na kuumaliza. Nailoni itakugharimu zaidi kwa kila kilo, lakini hutatupa robo ya sileji yako.

Dalili: hei ina vumbi, imefubaa, au robota lina joto

Hei, yaani nyasi zilizokaushwa na kufungwa mafungu (marobota), iliyofubaa kama majani ya paa iliachwa juani siku nyingi au ilinyeshewa. Hei yenye vumbi linalowakohoza ng'ombe ilifungwa mbichi, na vumbi hilo ni kuvu. Kata nyasi zinapoanza kuchanua, geuza, na funga marobota unyevu ukiwa chini ya asilimia 18. Weka chumvi ya unga kavu kwenye chupa kavu pamoja na vipande vya hei, tikisa dakika mbili: chumvi ikigandamana, rudisha juani. Lusina igeuze asubuhi ikiwa na umande kidogo, la sivyo majani yake, yenye protini nyingi, yatapukutika ubaki na vijiti.

Robota likiwa na joto siku chache baada ya kuwekwa ghalani, chomeka nondo katikati, subiri dakika kumi na tano. Ukishindwa kuishika ukiitoa, kuna hatari ya moto wa kujiwasha wenyewe. Andaa maji mengi kabla ya kupangua, maana hewa ikiingia ghafla ndipo inapolipuka.

Dalili: mafuta ya maziwa yameshuka, mavi kama uji

Hapa wengi hukosea mwelekeo, wakaongeza chakula cha dukani. Mara nyingi ndicho kilichozidi, au majani yamesagwa mno. Ng'ombe anahitaji nyuzi ndefu kiasi ili acheue, mate yatoke, na asidi ya tumbo ipungue. Saa mbili baada ya kula, hesabu waliolala: zaidi ya nusu wawe wanacheua, na kila tonge litafunwe mara 50 hadi 70. Wakiwa pungufu, ongeza kilo 1 hadi 2 za hei ndefu kabla ya chakula cha nyongeza, na usimpe zaidi ya kilo 2 au 3 za chakula hicho kwa mkupuo mmoja. Punje nzima za mahindi kwenye mavi ni habari nyingine: mashine ya kukatia sileji haikuponda punje. Rekebisha visu vyake.

Dalili za ghafla

Ubavu wa kushoto umevimba kama ngoma baada ya kula lusina mbichi: gesi imekwama, ita daktari wa mifugo mara moja. Kwa kinga, inyaushe na utangulize hei. Kuhema kwa shida na damu ya rangi ya chokoleti ni sumu ya naitreti, hasa kwenye majani yaliyotiwa naitrojeni nyingi, yakakaushwa na jua, kisha yakanyeshewa. Subiri angalau wiki moja baada ya mvua na kata juu zaidi, kwani naitreti hujaa sehemu ya chini ya shina. Mtama mchanga ulio chini ya sentimita 60 usiulishe kabisa. Una sumu ya sianidi.

Kujua kama marekebisho yamefanya kazi

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, na ubadilishe polepole kwa siku 10 hadi 14, kwa sababu vijidudu vya tumbo huhitaji wiki mbili hadi tatu kuzoea chakula kipya. Andika lita za kila ng'ombe, kilo za majani zilizoingia horini na masalio yaliyotoka. Linganisha chakula kwa bei ya kilo moja ya uzito mkavu: bei gawanya kwa uzito, gawanya tena kwa sehemu ya uzito mkavu. Sileji yenye asilimia 30 inayouzwa nusu ya bei ya hei yenye asilimia 85 inaonekana rahisi, lakini kwa kilo kavu ni ghali zaidi kwa zaidi ya asilimia 40. Ikiwa baada ya wiki tatu majani yametengemaa na maziwa hayajasogea, toa kilo moja ya chakula cha nyongeza kwa siku saba utazame. Ng'ombe asiposhuka kwa zaidi ya nusu lita, kilo ile ilikuwa ikiishia kwenye samadi.